Kadi ya Kusomwa kwa Kidole

Kwa miezi miwili baba yangu alivaa kandambili yenye tundu la umbo la ua kisiginoni, na kila alipopita kwenye vumbi la barabara ya Kasulu aliacha ua moja kila hatua mbili. Ukitaka kujua amekwenda wapi ulifuata maua. Aliyelikata tundu hilo kwa wembe ni mimi. Nilitaka mpira mzuri wa kuchongea muhuri, na kijiji kizima hakikuwa na mpira mzuri kuliko kandambili za baba. Aliniuliza mara moja tu. Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya harusi ya dada, akanyamaza, maana mwaka ule neno harusi lilisamehe kila kitu nyumbani kwetu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi na sita. Darasa la saba nilikuwa nimemaliza, sekondari sikuchaguliwa, na nilijaa hasira za mtu anayejua kwamba ana akili lakini hana cheti cha kumwonyesha mtu. Tulikuwa tumevuka kutoka Burundi miaka michache kabla, tukapata shamba nje kidogo ya mji wa Kasulu, tukalima maharage na mahindi kama majirani zetu Waha. Lugha yao na yetu zilikaribiana kiasi kwamba tuliweza kugombana nao bila mkalimani. Kilichotutesa ni Kiswahili. Kiswahili tulikiokota shuleni, kanisani na dukani, na kila mahali hapo palikuwa na mtu wa kutucheka.

Dada yangu alinizidi miaka minne na alinizidi uzuri, jambo ambalo nimelikubali uzeeni tu. Alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kibondo, mrefu, mpole, anayecheka huku amefunika mdomo. Siku moja mwalimu huyo alitamka kwamba kwao Kibondo watu wa kisasa wanaalikwa harusini kwa kadi. Sijui kama ilikuwa kweli. Dada aliamini, na dada akishaamini jambo nyumba nzima inalibeba.

Kadi zenyewe hazikuwepo. Mjini Kasulu ungezitafuta kwenye duka moja tu, la mzee mmoja Mwislamu mwenye asili ya Tanga, ambaye miaka mingi ya kuishi bara haikumtoa Upwani ulimini. Miaka ile bidhaa zilikuja kwa msimu, kama kumbikumbi. Siku tuliyokwenda, rafu zake zilikuwa na chumvi, viberiti na vumbi. Alichokuwa nacho ni bunda la karatasi za manila zilizoanza kuwa njano kingoni. Akatupa bunda zima kwa sharti kwamba naye aalikwe, na kwamba nikishajua kutengeneza kadi nimtengenezee za Idi.

Ndipo alipotuonyesha kadi ya kwake. Aliitoa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kitambaa, akaniagiza kwanza nifute mikono kwenye kanga. Ndugu yake wa Tanga alikuwa amemtumia salamu za Idi, na maneno yake yalikuwa yametuna juu ya karatasi. Ukifumba macho uliyasoma kwa kidole. Nilifumba macho, nikayasoma, nikarudia tena na tena mpaka mzee akaninyang'anya. Nilirudi nyumbani sisemi na mtu. Nilikuwa nimepata ugonjwa.

Tulianza na mihuri. Muhuri wa kwanza niliuchonga kwenye muhogo, njiwa mwenye jani mdomoni. Muhogo una maji mengi, ukikauka unajikunja, kwa hiyo aliyekuwa njiwa asubuhi alikuwa bata ilipofika jioni. Nikahamia kwenye kiazi kitamu, ambacho kilichapa vizuri ajabu, ila niliacha muhuri wa KARIBU uwanjani na kuku wakaula, wakabakiza BU. Neno HARUSI ndilo lililoniaibisha zaidi. Nililichonga kwa siku nzima, herufi nzuri zilizonyooka, nikalichapa mbele ya familia nzima, likatoka kinyume. Dada alilitazama kwa heshima kubwa. Akasema labda ni Kiarabu, tumpelekee mzee wa dukani atusomee.

Nilicheka mpaka nikalala chini. Kisha nikakasirika, kisha nikaelewa: muhuri unauandika kama unavyojiona kwenye kioo. Kuanzia siku hiyo nilitembea nikigeuza kila neno kichwani. Jina la kijiji, jina la mtakatifu wa kanisa letu, maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa magari ya mizigo, yote niliyasoma kutoka nyuma, na mama akaanza kuulizauliza kwa majirani kama kuna dawa.

Wino ulikuwa shughuli nyingine. Mganga msaidizi wa zahanati alitupa chupa ndogo ya jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, na zambarau yake ikiingia kwenye manila haitoki mpaka kiama. Wekundu tuliupata kwenye mti wa mkurungu: unapondaponda, unachemsha, unatia utomvu kidogo ili ushike karatasi. Weusi ulikuwa masizi ya chungu na uji mwepesi. Pedi ya wino ilikuwa kipande cha blanketi kuukuu kilichokunjwa ndani ya kifuniko cha kopo. Jumapili ya kwanza tuliingia kanisani nyumba nzima tukiwa na vidole vya zambarau, na mimi mdomo pia, kwa sababu nilizoea kulamba brashi. Katekista alitupa pole kwa ugonjwa.

Kwa wiki tatu hatukuwa na akili timamu. Tulichapa maua ya kandambili ya baba kwenye pembe nne za kila kadi, zambarau mawili na mekundu mawili, tukiimba, tukigombana, tukichafua mikeka. Za mashangazi wa Buhigwe tulizianika kwenye ua wa nyumba, za wanakwaya wa Rungwe Mpya kwenye paa la banda la mbuzi, na mbuzi mmoja akala mwaliko wa watu sita. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimeshindwa mtihani wa nchi nzima, na sasa nilikuwa naandika maneno ambayo watu wangeyaweka kwenye kuta zao.

Kuhusu kutuna, Mungu alitusaidia kwa pasi. Kadi zilikuwa zinajikunja kwa unyevu wa wino, dada akawa anazinyoosha kwa pasi ya mkaa. Chini ya kadi moja, bila yeye kujua, palikuwa na kipande cha manila nilichokikata kwa umbo la jani. Kadi ilikuwa bado mbichi. Alipoinua pasi, jani lilikuwa limesimama juu ya karatasi, jeupe juu ya jeupe, bila wino hata tone. Tulipiga vigelegele mpaka mama akatoka mbio jikoni akidhani mchumba amefika.

Basi nikaacha kila kitu nikajifunza hilo. Unakata herufi kwenye manila nene kwa wembe, unazibandika juu ya ubao kwa uji wa muhogo, unaacha zikauke. Unalowesha kadi kwa kitambaa, kidogo tu, ukizidisha inachanika. Unailaza juu ya herufi, unaikandamiza kwa pasi isiyo moto sana, halafu unapita pembeni mwa kila herufi kwa mgongo wa kijiko, polepole, mpaka karatasi ikubali. Neno la kwanza nililotunisha lilitoka kinyume, kwa sababu baada ya mihuri yote ile nilikuwa nimesahau kuandika kama binadamu. Herufi za kutuna hazigeuzwi, unazipanga kama zinavyosomwa. Nililipata hilo, nikajiona sasa nimemaliza makosa yote duniani.

Hapo ndipo mchumba alipofika na lori la maharage, amenywea, hata kucheka hacheki. Alikaa kwenye kigoda akatueleza kwamba baba yake amesema hatakuja. Harusi ifanyike, watu wasiache kula kwa ajili yake, lakini yeye atabaki nyumbani Kibondo. Sababu hakutoa. Mchumba alihisi ni kwa sababu ya sisi, ingawa alilisema kwa kuzungukazunguka: baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe, na sisi tulivuka mpaka bila hata ndama.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Binti yangu hatatoka humu kama mtu anayetoroka. Baba wa kumpokea asipokuja, hakuna harusi."

Mama alijaribu, mchumba alijaribu, mzee wa kanisa aliitwa akajaribu. Baba hakupandisha sauti wala hakubadilisha neno. Tulikuwa watu wa kuja, alisema, na mtu wa kuja akitoa mtoto wake bila kupokewa, watu watasema alimtupa. Dada alikwenda kukaa nyuma ya banda la mbuzi, na nilipomfuata nilimkuta amepakata kadi hamsini mapajani, hata hazitazami. Siku zilikuwa zimebaki kumi na tatu.

Jioni ile nilimhoji mchumba kama polisi. Baba yako anapenda nini? Anasikiliza nani? Ndipo akasema, kama jambo dogo tu, kwamba barua haitasaidia, kwani mzee haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili kwa miaka miwili. Kabla ya hapo alikuwa amehudhuria kisomo cha watu wazima, akajua kusoma na kuandika akiwa na mvi, akajivuna wilaya nzima, kisha macho yakafunga. Sasa alikuwa anakaa barazani, na watu wakimsomea barua alikuwa anaondoka, maana hakupenda kusomewa.

Nilisimama hata kabla hajamaliza. Nilimwambia dada afute machozi achague maneno, kwa sababu tunakwenda kumwandikia mkwe kadi ambayo hakuna mtu atakayemsomea.

Dada alitaka kuandika barua nzima, na salamu za mwanzo na za mwisho. Nikamwambia kila herufi inakula nusu saa ya wembe, achague. Akafikiri usiku na mchana, akaja na hili: BABA NJOO. WEWE NI FAHARI YETU. Neno fahari alilisikia kwenye mahubiri na likamkaa moyoni. Mimi pia lilinipendeza. Herufi ishirini na nne, nikaanza kukata.

Sasa niseme jambo kuhusu R na L, maana bila hilo hamtanielewa. Kwa ulimi wa kwetu R na L ni mtoto mmoja mwenye majina mawili. Mwaka uliopita nilikuwa nimetumwa dukani kwa yule mzee wa Tanga, nikasimama mbele ya wateja, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Shikamoo babu, naomba mafuta ya kura." Alinitazama kwa huzuni. Akanieleza kwamba mafuta ya kura hayajafika, yanaletwa na serikali wakati wa uchaguzi, lakini kama nina haraka ya kupiga kura anaweza kuniazima boksi. Duka zima lilicheka, na nyumbani watu walikula mboga bila mafuta, kwa sababu niliondoka na chupa tupu.

Tangu siku ile niliiogopa R kama mbwa mkali. Popote nilipoikuta niliishuku, na nikiwa na mashaka niliandika L, kwa kuwa L niliiona ya Kipwani, ya watu waliostaarabika. Kwa hiyo nilipofika kwenye herufi ya tano ya neno lile, wembe ukasimama. Nikamwita dada. Nikamuuliza ni fahari au fahali. Akasema ni fahari. Nikamwambia ndivyo nilivyosema mimi, fahali. Akasema hapana, wewe umesema fahali, mimi nasema fahari. Tulilitamka mara ishirini, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, na wote wawili tukisema kitu kilekile. Mama alitoka nje kusikiliza, akatamka lake, akaongeza la tatu ambalo halikuwa tofauti na yetu mawili.

Ningeweza kwenda kumuuliza mzee wa dukani. Ilikuwa mwendo wa saa moja tu. Lakini nilimfikiria akinitazama kwa huzuni ile, nikasema bora nife. Nikakata L.

Ilikuwa kadi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na nimetengeneza nyingi tangu hapo. Niliipiga kijiko kwa siku mbili. Herufi zilisimama safi, pana, zenye kingo unazoweza kuzifuata hata kwa kidole cha mkulima. Dada alinilazimisha nichape ua la zambarau pembeni. Nilipomkumbusha kwamba mzee haoni, alisema yeye anaona, na inatosha. Mchumba aliifunga kwenye gazeti, akaapa kwamba ataiweka mikononi mwa baba yake bila kusema neno, akapanda lori lililokuwa linarudi Kibondo.

Nilikuwa na nakala, ile ya kujaribia, ambayo ilichanika pembeni kidogo. Siku iliyofuata niliipeleka dukani nikiwa nimenyoosha shingo. Nilitaka mzee aone kwamba yule msichana wa mafuta ya kura sasa anatunisha maandishi kama watu wa Tanga. Aliipokea, akafumba macho kama nilivyofanya mimi kwa kadi yake, akapitisha kidole. Nikaona anatabasamu kwenye BABA. Nikaona anatikisa kichwa kwa sifa kwenye NJOO. Halafu kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena. Mzee akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Binti," akasema, machozi yanamtoka, "mmemwita mkwe wenu ng'ombe dume."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze akishika mbavu. Fahari ni utukufu, jambo la kujivunia. Fahali ni dume la ng'ombe, lile lenye nundu. Akaongeza kwamba hata kwa ng'ombe nimekosea, kwani ingepasa niseme fahali wetu, siyo fahali yetu. Kwa hiyo hata fahali hangeridhika.

Kwetu dume hilo tunaliita impfizi, na mwanaume kumwita mwenzake hivyo kwenye kibuyu cha pombe ni sifa. Lakini mkwe! Jina la baba mkwe tu halitajwi ovyo na mke wa mwanawe, na sisi tulikuwa tumemtaja kwa kazi ya fahali, kazi ambayo kila mtu anaijua. Niliuliza kama kuna lori linakwenda Kibondo leo. La karibu lilikuwa la wiki nzima mbele. Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani, ile saa moja nikaimaliza kwa nusu, nikamvuta dada nyuma ya banda la mbuzi nikamwambia.

Nilifikiri dada atanipiga, na ningenyamaza. Badala yake akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha kukatika pumzi, akinishika mabega, na mimi nikaanza, na tukacheka mpaka tukawa tunalia kweli, kwa sababu harusi ilikuwa imekufa na tulioiua ni sisi. Kila mmoja akijaribu kunyamaza mwenzake alitoa mlio wa ng'ombe. Tulikubaliana tusimwambie baba.

Hakuna jibu lililotoka Kibondo. Kadi zingine zilikuwa zimekwishasambaa mpaka Kitanga, na watu walikuwa wanatuma salamu kwamba wanakuja. Hatukuweza kuwazuia bila kusema sababu. Mama akaendelea kusonga mbele, ndizi zikaivishwa kwa ajili ya pombe ya rubisi, mchele ukapatikana, mimi sikulala wala sikula. Baba alikuwa ametulia kabisa. Mzee wa Kibondo akija, yeye atamtoa binti, asipokuja watu watakula na kurudi makwao, alisema, na akaenda kuazima viatu.

Asubuhi ya siku yenyewe uwanja wetu ulijaa. Mzee wa dukani alikuwepo, kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, amekaa mstari wa mbele, akinikonyeza kila nilipopita. Karibu na saa nne tukasikia lori linapanda mlima. Nikaingia jikoni nikajificha nyuma ya masufuria makubwa, na kutoka hapo kupitia mwanya wa ukuta niliona kila kitu. Walishuka wanakwaya, wakashuka mashangazi, akashuka mchumba na suti yenye mikono mifupi. Nikahesabu mpaka lori likabaki tupu. Halafu mlango wa mbele, ule wa abiria pembeni mwa dereva, ukafunguliwa, na binti mmoja mtu mzima akashuka na kumpa mkono mtu aliyekuwa ndani.

Alikuwa mzee mkubwa wa mwili, koti refu, fimbo ya kuchungia ng'ombe. Binti yake akamshika mkono akamwongoza hatua kwa hatua mpaka katikati ya uwanja. Baba alisimama kumlaki. Mzee hakumsalimia bado. Alitoa kitu kifuani mwa koti, kimefungwa kwenye gazeti, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde: nani ameandika hii?

Mama alinitoa nyuma ya masufuria kwa kunisukuma mgongoni. Nilitoka nikiwa na masizi mpaka kwenye nywele, vidole bado vya zambarau, nikapiga magoti mbele yake, nikamwamkia. Mkono wake ukatafuta hewani ukapata kichwa changu, ukashuka, ukanishika mkono. Alivipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, kama anatafuta ni kipi kilichofanya kazi ile. Nikafungua mdomo niungame. Nilikuwa tayari kusema kila kitu, R, L, mafuta ya kura, yote.

Akaniwahi.

"Toka macho yangu yarare," akasema, "watu wananishika mkono kama ndama. Nirisema sitatembezwa mbere ya watu wa wenyewe. Weye peke yako umeniita fahari."

Ndivyo alivyotamka, kwa ulimi wetu, ulimi usio na L. Fahari. Na mimi, niliyekuwa nimepiga magoti, sikuweza kujua amesema neno lipi kati ya yale mawili. Kidole chake kilikuwa kimepita juu ya ile L, mchumba alituambia baadaye kwamba aliisoma kadi ile barazani siku nne mfululizo, na mtu aliyefunzwa kusoma ukubwani hakosi herufi. Lakini mdomoni mwake fahali na fahari lilikuwa neno moja. Nilimtupia jicho mzee wa dukani. Alikuwa amefungua mdomo kusahihisha, kama kawaida yake, nikaona anaufunga. Aliinamisha kichwa akavua kofia, akaitazama muda, akaivaa tena.

Kwa hiyo hakuwa amekataa kwa sababu yetu, wala kwa sababu ya ng'ombe tusiokuwa nao. Aliona aibu. Mtu mzima yule, na sisi tulikuwa tumekaa wiki nzima tunajiona wadogo mbele yake. Moyo uliniruka kwa furaha hata nikasahau kusimama.

Baba akampokea mgeni wake, mgeni akampokea dada, maneno yote yanayosemwa yakasemwa, kanisani tukaenda na kurudi. Ngoma zilipoanza mchana, watu wa Kibondo waliingia uwanjani kucheza kama wanavyocheza kwao na kwetu, mikono juu, imepinda mithili ya pembe za ng'ombe. Mzee alikuwa amekaa, mkono wake mkononi mwa binti yake. Nikaona anauachia. Akasimama peke yake, akaiacha fimbo kwenye kiti, akasikiliza ngoma ziko wapi. Kisha akainua mikono yake miwili, mirefu, akaipinda juu ya kichwa chake mpaka ikawa pembe pana kuliko za wote, akaingia katikati akikanyaga ardhi kwa nguvu. Watu walimpisha. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Baba alikuwa amevua viatu vya kuazima, vilikuwa vinambana, na kuvaa kandambili zake. Aliinua mikono naye akamfuata. Walizunguka uwanja mzima, mzee mbele, baba nyuma, na kila walipopita vumbi lilibaki na maua.